Filamu Sikuifahamu, Lakini Niliihadithia

Kosa ni langu, nalisema mwanzo nisije nikajitetea. Binti ami yangu ameachwa kabla hajaolewa, na mdomo uliomharibia ni huu wangu. Nitamwita Salma, si jina lake.

Salma ndiye aliyenihimiza nikaione ile filamu. "Wallahi ukiikosa hutajisamehe," aliniambia. Nikatoka Ibra mpaka senema ya Sur, huku kwetu Oman, siku yangu moja ya mapumziko, na mama nimempakia garini. Jamani! Mfalme anaishi kabatini. Mlango unatapika maji. Mwanamke anageuka mbuzi, mbuzi anageuka ngazi, watu wanaipanda huku wanalia, mara taa zikawaka. Mama akaniuliza, "Imekwisha au imeharibika?"

Nikaandika kwenye kundi letu la familia kwamba filamu ni upuuzi mtupu. Salma akajibu mbele ya mashangazi na waume zao: "Hiyo ya wenye akili, habibti. Wewe kaangalie katuni." Wakacheka wakubwa kwa wadogo. Moyoni nikasema, ngoja, utaniona!

Wiki mbili zikapita, wala sikupoa. Bi Zuwena, mama wa mchumba wake Salma, akaja kutoka Nizwa kupanga siku ya milka, yaani kufunga ndoa. Bi mzee wa Unguja ya zamani, mambo ya filamu za kisasa hayajui. Nami niliitwa kwa kina Salma kusaidia kupokea wageni. Salma, kwa furaha zake, akamsifia ile filamu: ameiona mara tatu, imemwingia moyoni. Kisha akaenda jikoni kuleta kahawa.

Bi Zuwena akanigeukia. "Hebu nihadithie, mwanangu. Senema yenyewe yahusu nini?"

Wengine husema shetani aliwapitia. Mimi hakunipitia mtu. Nilikusudia.

"Ni ya mwanamke anayemgeuza mkwe wake mbuzi," nikasema.

"Mkwe yupi? Mke wa mwana?"

"La, bibi. Mama wa mume. Kisha anampeleka soko la Sinaw, anamuuza."

Akairudisha halwa sahanini. "Astaghfirullah! Na hilo ndilo lililomwingia moyoni?"

"Mara tatu, bibi."

Kahawa ilipokuja Bi Zuwena hakuigusa, alisema ana kiungulia. Na mimi, Mungu anisamehe, niliinywa yangu kwa raha zote.

Haikufika wiki, jibu likaja kutoka Nizwa: hapana nasibu, yaani uchumba umevunjika. Sababu hawakutoa. Salma alinipigia mimi kwanza. Mimi! Analia, ananiuliza amekosa nini. Nikamwambia ni mipango ya Mungu. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Nikadhani yamekwisha. Kumbe! Bi Zuwena akampigia simu mama yangu: "Yule bintiyo mkweli. Huyo ndiye nimtakaye awe mkwe wangu." Mama akafurahi, akamwambia kila mtu, na Salma akasikia. Akaja mpaka mlangoni kwetu, hakukubali hata kuingia.

"Kumbe ulikuwa unamtaka! Ungeniomba tu."

Simtaki! Hata uso wake siujui vizuri. Lakini nani ataniamini? Nikikataa posa bila sababu, mama hatanielewa; nikitaka kujisafisha lazima nimwambie yule bi mzee kwamba nilimdanganya, na nikimwambia, kuanzia Ibra mpaka Nizwa hakuna nyumba itakayonipokea. Mara kumi nimeishika simu, mara kumi nimeiweka. Na ubaya wangu ni huu: nikiikumbuka ile "habibti" ya Salma, mpaka leo damu inanichemka.

Salma ameniandikia mara moja tu tangu siku ile. "Mchukue. Siku yako ya hina nitakuja mimi mwenyewe kukupaka, nikutazame usoni." Najua atakuja, namjua. Sisi wawili damu moja.

Nyinyi mnaosoma, filamu ikikuudhini, itukaneni filamu! Ukiulizwa na hukuifahamu, sema sikufahamu, wakucheke, yaishe. Mimi nilikataa kuchekwa. Ijumaa watu wa Nizwa wanakuja kuchukua jibu, na mama ameshanunua udi.