Ngozi ya Ngamia Ndani ya Boti

Kazi yangu ni kuvika viti. Kwa miaka mingi nimevika viti vya malori ya babangu na ya jamaa zake wasafirishaji hapa Isiolo, na nilidhani najua kila balaa linaloweza kukipata kiti: jasho, vumbi, grisi, hata mbuzi aliyepewa lifti.

Asubuhi moja mwanamke wa Nairobi, aliyekuwa akirudi kutoka mbugani, alisimama kibandani kwangu kwa sababu ya kiti kimoja nilichokivika ngozi ya ngamia. Alikipapasa kwanza, ndipo akasalimu.

"Habari, fundi. Ngozi hii ni ya nini?"

"Ya ngamia, madam."

Akanieleza kwamba yeye hupamba ndani ya boti za kifahari, zile zenye vyumba vya kulala na jikoni. Kulikuwa na moja Kilifi iliyohitaji kuvikwa upya. Nilimwambia ukweli, kwamba bahari mimi sijawahi kuiona.

"Si neno," akasema akicheka. "Itakayokaa huko ni ngozi."

Masharti yake yalinishangaza. Kila kitu kiwe chepesi, kisinywe maji, kisishike kutu, na kisilie boti ikiyumba. Hata pini zangu za chuma alizikataa. Basi nikaloweka vipande vitatu vya ngozi kwenye beseni la maji ya chumvi, nikavianika juu ya mabati. Kufikia Ijumaa viwili vilikuwa vimekakamaa na kupasuka. Cha tatu, nilichokisugua kwa nta ya nyuki kutoka Leparua, kilibaki laini. Nilimtumia picha. Akaamua ngozi ikae kwenye vichwa vya vitanda na vishikio vya ngazi, na viti vya kukaliwa na watu waliolowa vivikwe kitambaa cha nailoni.

Ikabaki dari. Ngozi ingekuwa nzito mno, na mbao nyembamba zilikuwa zimeshajaribiwa zikafumuka kwa unyevu. Nililizungumza jambo hilo nyumbani, mtaani Kiwanjani, tukinywa chai. Shangazi yangu wa Sericho alikuwa kwetu wakati huo, amekuja kutibiwa macho.

"Hicho chombo kinatikisika?" akauliza.

"Siku nzima, Shangazi."

"Basi ni kama mzigo wa ngamia. Kigumu kinavunjika. Weka kilichosukwa."

Akanyanyua gorfa yake, chombo cha maziwa kilichosukwa kwa mizizi, kimebana hata tone halitoki. Nilimpigia simu yule madam papo hapo. Alifurahi, ila nilipomweleza kwamba vyombo vya maziwa hufukizwa moshi, akaomba cha dari kisifukizwe, maana wageni hawatapenda harufu.

"Chombo bila moshi!" Shangazi akanuna siku mbili. Siku ya tatu akaagiza majani ya mti wa mkoma, akaita majirani wawili, wakaanza kusuka uani. Uani kwetu kulijaa vicheko kwa majuma sita, na mimi nilikuwa nikipeleka cherehani karibu na mlango ili nisikie.

Kilifi nilikwenda mwenyewe kufunga kazi. Nilitapika mara moja tu. Dari la boti ile lilikuwa limejipinda, na ile misuko ililifuata pindo kwa pindo kana kwamba imekulia pale. Madam alizima kila kitu, akatuambia mimi na mabaharia wa boti tunyamaze, akasikiliza boti ikiyumba. Hapakulia kitu.

"Lala kidogo, fundi," akasema. "Mtu hawezi kujua kitanda kwa kukitazama."

Nikavua viatu, nikalala. Kiganja kilikuwa juu ya ngozi niliyoisugua mwenyewe, na juu yangu kazi ya Shangazi ilikuwa imepokea mwanga wa dirishani. Nilisikia raha ambayo kiti cha lori hakijawahi kunipa, nikasinzia kabisa. Walikuja kuniamsha kwa chakula.

Niliporudi nilimwonyesha Shangazi picha kwenye simu. Aliisogeza karibu, akaikagua kona hadi kona.

"Hapa yule jirani ameruka uzi," akasema. Kisha akafika kwenye picha ya nje. "Maji yote haya ni ya nani?"

"Ni ya chumvi, Shangazi. Hayanyweki."

"Hata ngamia hanywi?"

"Hata ngamia."

Akatikisa kichwa, akawaonea huruma wenye boti. Halafu akaniomba nimrudishie ile picha ya dari.