Taifa la Supu

Kazi yangu ni kuuliza watu taifa lao. Nakaa mapokezi ya hoteli moja mtaa wa Al Barsha, Dubai, na mgeni hajatua begi chini nimeshamnyooshea mkono: pasipoti, madam, pasipoti, sir. Miaka tisa ya kazi hiyo ilinifanya niamini kwamba hakuna jambo la karatasi nisilolijua. Ujuaji huo nusura umrudishe mdogo wangu Mombasa.

Mdogo wangu, kitinda mimba wa kwetu, alipata nafasi ya kusoma Uppsala, mji wa Uswidi wenye chuo kilichoanza kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa. Wiki ya kwanza tu akanitumia ujumbe wa sauti: "Kaka, huku mwanafunzi anaambiwa achague taifa la kujiunga nalo. Yako kumi na tatu. Nichague lipi?"

Kafeel wangu wa kwanza hapa Dubai, yaani mwajiri aliyenidhamini viza, aliifungia pasipoti yangu kabatini, na alianza hivyo hivyo, kwa karatasi ya kusaini na tabasamu. Nikamjibu mdogo wangu kwa sauti ya utu uzima: "Usijiunge na chochote. Usisaini. Wewe Mkenya, khalas. Pasipoti ilalie."

Alinitii. Nyumbani hakuwahi kunitii hata nilipomwambia azime taa, lakini kwa hilo alinitii. Kila Jumapili nikimpigia, swali langu la kwanza lilikuwa, "Pasipoti unayo?" Anasema ninayo, kaka. Nami nakata simu nimeridhika, kana kwamba nimelinda mpaka wa nchi.

Kufika Novemba sauti yake ilikuwa imenywea. Alisema anatoka darasani, anarudi chumbani, anafunga mlango. Jua linazama saa tisa alasiri, na Jumapili nyingine neno la kwanza kulitamka ni lile la kunijibu mimi. "Nikimaliza muhula huu narudi nyumbani," akasema. "Sitaki tena." Niliumia, na kwa kuwa mimi nikiumia hukasirika, niliukasirikia mji mzima wa Uppsala.

Wiki hiyo hiyo akaja mbele yangu bibi mmoja mwembamba, mwalimu mstaafu, akaandika kwenye fomu kwamba anakaa Uppsala. Nikamuuliza kwa adabu yote ya mapokezi: "Samahani, madam, kwa nini kwenu mnawanyang'anya watoto wa watu uraia wao?"

Akaniomba nirudie. Nilipofika kwenye yale mataifa kumi na tatu, alishika kaunta kwa mikono miwili akacheka mpaka meneja akachungulia.

"Hizo ni klabu," alisema, akijifuta machozi. Zamani vijana walikwenda Uppsala kutoka majimbo ya mbali, kila mmoja na lahaja yake. Wa jimbo moja wakashikamana, wakauita umoja wao taifa. Mgonjwa aliuguzwa, na aliyefariki alizikwa na watu wa kwao. Wakubwa wa chuo kwanza waliyapiga marufuku mataifa hayo, kwa fujo za vijana wale, halafu waliposhindwa wakaamuru kila mwanafunzi awe na lake. Siku hizi si lazima, na anaingia yeyote: kuna kwaya, dansi, maktaba, na chakula rahisi katika nyumba kongwe. Yeye mwenyewe alimpata mumewe huko, wakiosha vyombo.

Nikamwambia basi ni kama chama chetu cha watu wa Pwani kule mtaa wa Deira, tunachangiana misiba na kugombania biriani.

"Na mikutano yenu huanza kwa wakati?"

"Hapana, madam."

"Kwetu mhadhara wa saa nne huanza saa nne na robo. Ni desturi ya chuo."

Hapo nikaanza kuupenda mji ule.

Nilimpigia mdogo wangu wakati wa mapumziko ya chakula. Nikamwambia nimekosea, ni klabu tu, ajiunge hata leo.

"Karibu miezi mitatu, kaka," akasema. "Nilikuwa nawapita mlangoni wakiimba."

Nilimwomba radhi, jambo ambalo katika familia yetu mkubwa hamfanyii mdogo.

Wiki iliyofuata alipiga yeye, nikiwa kaunta. Sauti ilikuwa imerudi. Alikuwa amepewa aproni, Alhamisi anagawa supu ya njegere. Nikamuuliza amechagua taifa lipi, nikitarajia anipe sababu za kisomi.

"Nilizunguka matatu," alisema. "La kwanza waliniuliza nasomea nini. La pili wakaniuliza natoka wapi. La tatu, msichana wa mlangoni aliniuliza kama nimekula. Nikajiunga hapo."

Jumapili zote zile nilimpigia, na hilo sikuwahi kumuuliza. Niliona haya peke yangu. Mgeni alikuwa amesimama mbele yangu, pasipoti mkononi. Nikamwomba dakika moja.

"Na leo umekula nini?" nikamuuliza mdogo wangu.

"Supu, kaka," akasema. "Na pasipoti ninayo."