Kibanja Nilichokiandikia Hakuna

Jana uliposema, "Basi babu, tumemaliza," ukaizima simu yako na kuanza kuvaa viatu, nilikumbuka siku moja ya ujana wangu ambayo sijawahi kumsimulia mtu, hata marehemu mke wangu. Nilitaka kukuita urudi. Lakini ulikuwa umeshafika barabarani, na sauti yangu siku hizi haifiki mbali. Kwa hiyo nimeandika, mwanangu. Mwenyekiti wa mtaa ameniahidi kukupa barua hii ukipita tena hapa Kibeta kwenye huo utafiti wenu wa kilimo hai.

Usidhani nakulaumu. Ulipiga magoti ukanisalimu vizuri, jambo ambalo wajukuu zangu wa Dar es Salaam hawaliwezi hata kwa kubembelezwa. Ila ulikuwa na haraka, na haraka ile naijua. Nilikuwa nayo mwenyewe nilipokuwa na umri wako.

Wakati huo mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi, uhuru tulikuwa bado tunauona mpya, na habari zote zilikuwa ujamaa na vijiji. Mimi nilikuwa karani wa takwimu za kilimo. Ungeniona! Kaptula ya kaki imepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, moja haina hata wino, nimeiweka kwa maringo tu. Tulikalishwa semina Bukoba mjini kwa siku tatu, tukafundishwa ukurasa wa kwanza wa dodoso, ulioitwa Maneno ya Msingi. Mkulima ni nani, shamba ni nini, kaya ni nini. Mbolea, kwa mujibu wa ukurasa ule, ilikuwa ile inayotoka ghalani ikiwa kwenye gunia. Nguvukazi ilikuwa mtu mzima awezaye kufanya kazi kutwa nzima. Na shamba linalotunzwa lilikuwa lile lenye mbolea hiyo na nguvukazi hiyo, basi. Nilikariri yote. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakutajia.

Wala sikunyoosha mkono kuuliza swali. Mimi, mtoto wa mama aliyenitwisha nyasi kichwani tangu sijaota meno ya ukubwani! Nilikuwa najua kabisa migomba yetu inalishwa na nini. Lakini mwalimu wa semina alikuwa amevaa tai, na mimi nilitaka kazi.

Nilipanda lori mpaka Kemondo, nikapata lingine la kwenda upande wa Muleba, kisha nikatembea. Kijiji chenyewe sitakitaja, watu wake bado wapo. Balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja mpole mwenye kikohozi, ndiye aliyenipokea na kunizungusha. Njiani akaniambia jambo ambalo nilipaswa kulishika kuliko semina yote. Alisema kijiji kimeletewa familia mpya, ardhi haitoshi, na uongozi umeamua kwamba vibanja vilivyotelekezwa vigawiwe.

"Sasa wao watajuaje kipi kimetelekezwa?" nikamuuliza.

"Si kwa hizo karatasi zako, waitu," akanijibu, yaani ndugu yetu. "Andika vizuri."

Nikasema sawa, nikaangalia jua. Nilikuwa nimepangiwa kaya kumi siku ile na zilikuwa zimebaki tisa.

Kaya iliyofuata ilikuwa ya Bibi Kokugonza. Alikuwa mjane, wanawe wa kiume walikufa wakiwa wadogo, na mabinti wawili walikuwa wameolewa mbali, mmoja ng'ambo ya mpaka. Kibanja chake, yaani migomba na kahawa iliyozunguka nyumba, kilikuwa cha marehemu mumewe, na mumewe alizikwa humohumo, nyuma kabisa kwenye migomba, kama ilivyo desturi yetu. Balozi alinielekeza kwa mkono, akabaki njiani akikohoa.

Bibi alitoka akiwa ameinama, mgongo umepinda, mkononi ana kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Unaijua ile, inachemshwa na majani kisha inakaushwa. Wewe jana nilikupa ukasema asante, umeshakunywa chai.

"Karibu waitu," akasema. "Kaa utafune kwanza."

"Bibi, sina muda. Nijibu tu maswali machache."

"Hujakaa, hujatafuna, nitakujibuje? Hata sijajua wewe ni wa ukoo gani."

Mwanangu, kwetu sisi mgeni asiyetafuna kahawa bado hajaingia nyumbani, amesimama nje hata kama yuko sebuleni. Hilo nililijua toka utotoni. Nikabaki nimesimama, fomu nimeiegemeza kwenye goti kama polisi anayeandika kosa. Nikamuuliza kama ananunua mbolea. Akacheka, akasema mbolea ya kununua hajawahi kuiona. Nikaandika: hakuna. Nikamuuliza nani anafanya kazi shambani. Akasema, "Njoo nyuma nikuonyeshe." Nikamtazama mgongo wake na mikono ile iliyokonda, nikakumbuka Maneno ya Msingi, nikaandika: hakuna mtu. Kisha nikachungulia migomba kutoka pale uani. Chini niliona nyasi kavu zimetapakaa kote, na vipande vya migomba iliyokatwa vimelala ovyo. Kwenye mstari wa hali ya shamba nikaandika: halitunzwi.

Akanishika kiwiko. "Twende basi, dakika moja tu. Tangu mvua zianze hakuna mtu aliyefika mpaka huko nyuma."

"Siku nyingine, bibi."

Nikaondoka. Nilimaliza kaya zangu kumi kabla ya jua kuzama, na mkubwa wangu wa kazi akanisifu mbele ya wenzangu.

Nilirudi kijijini pale miezi kadhaa baadaye kuhakiki fomu chache. Nilipokaribia kwa Bibi Kokugonza nikadhani nimepotea njia. Katikati ya kibanja ulipita mstari wa mimea ya mpaka, bado michanga. Upande wa nyuma kulikuwa na kibanda kipya, nguo za watoto zimeanikwa, kahawa imeng'olewa na mahindi yameanza kuchomoza. Wale watu siwalaumu, nao walihamishwa kwao bila kuulizwa. Lakini kaburi la mzee lilikuwa upande wao.

Bibi alitoka na kikapu kilekile. Hakunikaripia, na laiti angenikaripia. Alisema tu, "Leo utakaa?" Nikakaa. Nikatafuna ile kahawa, ilikuwa chungu au mdomo wangu ndio ulikuwa mchungu, sijui. Akaniacha nimalize punje kadhaa.

"Uliandika nini siku ile?" akaniuliza.

Nikaona nikidanganya nitajidharau mpaka mwisho. Nikamwambia: mbolea, hakuna. Nguvukazi, hakuna mtu.

Akakiweka kikapu chini. Kisha akasema, "Hakuna mtu. Na mimi nilikuwa nani?"

Swali hilo ninalo mpaka leo, mwanangu.

Akainuka akanitembeza kwenye kipande alichobakiwa nacho. Zile nyasi nilizoziona zimetapakaa alikuwa amezikata mwenyewe kule rweya, kwenye nyasi za wazi nje ya migomba, akizibeba kichwani mzigo mmoja kila asubuhi, na kuzitandaza ili udongo usikauke. Samadi aliipata kwa jirani mwenye ng'ombe, akimpelekea maganda ya ndizi na kurudi na kapu la samadi. Majivu ya jikoni alikuwa na mahali pake pa kuyamwaga. Na vile vipande vya migomba nilivyoviona vimelala ovyo! Aliinama akageuza kimoja. Chini yake fukusi walikuwa wamejikusanya, wale wadudu weusi wanaotoboa mizizi ya migomba mpaka inaanguka. Akawaokota mmoja mmoja akawatia kwenye kopo, akahesabu kwa Kihaya mpaka kumi na nne.

"Kila asubuhi navigeuza," akasema. "Zamani mimi nageuza, mzee anaokota. Sasa naokota huku naongea mwenyewe, nisije nikasahau kuongea."

Kisha akasimama pale kwenye mimea ya mpaka, akaangalia ng'ambo. Hakuvuka. Nikamuuliza kwa nini asivuke, wale si watu wabaya. Akasema watamruhusu, ndiyo, lakini hajazoea kubisha hodi kwa mume wake.

Nikageuza fomu nikaandika nyuma yake, kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi ya mambo kama yale. Nyasi, mizigo mingapi. Samadi, makapu mangapi kwa mwezi. Mitego ya fukusi, mingapi. Nguvukazi, mtu mmoja. Bibi akaniuliza kama karatasi ile itamrudishia kibanja. Nikamwambia nitaipeleka. Akaniombea baraka kwa Bikira Maria, akanifungia kahawa kwenye kipande cha jani la mgomba.

Niliipeleka, hilo ni kweli. Niliiweka mezani kwa mkubwa wangu. Akaisoma, akavua miwani.

"Hesabu zimeshajumlishwa zikaenda juu," akasema. "Kuzirudisha lazima kuwe na sababu. Unataka kuniambia kwamba siku ile hukuingia shambani?"

Hapo, mwanangu. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Neno moja tu lilitakiwa, ndiyo, na pengine kibanja kingerudi. Pengine kisingerudi, lakini bibi angekuwa na mtu mmoja aliyesema. Mimi nikafikiria kazi yangu, kaptula yangu na sifa nilizopewa mbele ya wenzangu.

"Hapana, mzee," nikasema. "Niliingia."

"Basi kazi imekwisha."

Nikachukua karatasi yangu nikatoka. Sikurudi tena kwa Bibi Kokugonza. Niliona aibu, nikajidanganya kwamba nina kazi nyingi. Wakati mwingine nilipangiwa kijiji kile nikabadilishana na mwenzangu.

Habari zake nilizipata Kemondo, nikiwa nasubiri lori. Yule balozi alikuwa hapo amekuja kununua samaki, akanitambua yeye kwanza. Akaniambia bibi amefariki, na wamemzika upande wake, kwa sababu upande wa mzee ulikuwa umeshakuwa wa watu. Kati yao ni hatua chache na ule mstari wa mpaka. Nikasema pole. Balozi akakohoa, kisha akaniambia, "Alikuwa akiniuliza kila mara tukikutana kisimani: yule karani wangu anarudi lini na karatasi?" Karani wangu, ndivyo alivyoniita.

Karatasi ile ninayo. Imekunjwa kwenye Biblia, wino umefifia lakini mizigo ya nyasi bado inasomeka.

Sasa turudi kwako. Jana uliniuliza kaya ina watu wangapi, nikasema mmoja, ukabonyeza moja. Ukauliza kama natumia mbolea ya dukani, nikasema sitaki kuisikia. Ukauliza mboji, ukabonyeza ndiyo. Ukaniambia asante, shamba lako ni hai. Ni kweli, ni hai. Lakini hukufika nyuma ukaliona shimo la mboji, wala mitego yangu ya fukusi, ambayo naitega vilevile alivyonionyesha bibi, wala kaburi la mke wangu ambalo nalitandazia nyasi kila Jumamosi. Uliandika dakika kumi za maisha ya mtu aliyekungoja tangu asubuhi. Ndiyo, nilikungoja. Mwenyekiti aliniambia juzi kwamba utakuja, nikafagia uwanja nikakausha kahawa mpya. Nakwambia tu ukweli: ukimwacha yeye, siku tatu kabla yako sikuwa nimeongea na mtu zaidi ya salamu.

Basi shika haya. Kila dodoso lina maneno yake ya msingi, na walioyaandika hawakuwa wamekaa kwenye uwanja unaposimama wewe. Ukiona neno halimtoshi mtu, usimpunguze mtu. Andika pembeni, andika nyuma, pigia simu wakubwa zako uwaambie huku kuna jambo ambalo swali letu halikuliona. Usiandike shamba ambalo miguu yako haijaingia. Usiandike hakuna mpaka umeuliza mara mbili na kuona kwa macho. Kaa kwanza, pokea unachopewa, jibu wewe maswali yao kabla hawajajibu yako. Na ukikosea, maana utakosea, sema wakati karatasi bado iko mkononi mwako na mwenye shamba bado yu hai. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, nikalimeza, na limenikaa hapa kifuani tangu ujana mpaka uzee huu.

Ukipita Kibeta, ingia. Sikudai kitu, kahawa ipo kwenye kikapu karibu na mlango, na nyuma nitakupeleka mwenyewe polepole, goti likikubali.

Mungu akupe miguu isiyochoka kufika nyuma ya nyumba za watu, na masikio ya kungoja mzee amalize kukohoa. Akupe ujasiri wa lile neno moja nililoshindwa. Na siku nawe utakapokuwa mzee, peke yako kwenye kibanja chako, akuletee karani atakayekaa.