Shangazi Hagusi Taa ya Kidokezo

Shangazi yangu ni dobi, na ana maoni. Ana maoni kuhusu sabuni, kuhusu ndoa za majirani na kuhusu mvua, lakini yaliyo moto kuliko yote ni maoni yake kuhusu gemu. Si zile za kukimbizana na bunduki. Ni zile za kutafuta vitu vilivyofichwa kwenye picha, na zile za kulinganisha vitu vya rangi moja mpaka vipotee.

Duka letu ni vyumba viwili na ua. Mbele kuna kaunta na reli ya nguo zilizopigwa pasi. Nyuma kuna mashine mbili, moja inafua na nyingine inalalamika. Uani kuna kamba. Tableti ya shangazi husimama kwenye meza ya kupokelea nguo, imeegemezwa kwenye kopo la wanga, na hapo ndipo anapofanya kazi mbili kwa pamoja: mkono mmoja unatoa vitu kwenye mifuko ya wateja, mwingine unacheza. Kila kinachotoka mfukoni kinaingia kwenye trei ya bati pamoja na namba ya mteja. Sheria hiyo ilikuja baada ya kalamu moja ya mwalimu kuupaka wino ukoo mzima wa mashuka.

Mimi niko kaunta kwa muda, tangu mimi na chuo tuachane katikati ya safari. Chuo hakijanitafuta, nami sijakitafuta. Kwa hiyo nimekuwa msikilizaji mkuu wa maoni ya shangazi.

"Mfichaji mwenye adabu," huniambia, "anaficha kitu mahali pake. Kijiko kwenye vijiko, uzi kwenye nyuzi. Unakitazama na hukioni, na ukikiona unajicheka mwenyewe. Lakini huyu aliyechukua mkasi akaupaka rangi ya ukuta, halafu akaupunguza ukawa kama chawa, huyu si mfichaji. Huyu ni mwizi."

Hadithi za gemu hizo nazo zinamkera. Kila mara kuna binti aliyerithi jumba la bibi yake. "Karithi jumba zima, kufagia hajui. Anatafuta tarumbeta kwenye sinki. Tarumbeta imefuata nini kwenye sinki?" Saa ya kuhesabu dakika hataki kuisikia: "Nimekaa kupumzika, sikimbizwi na polisi." Na matangazo ndiyo adui yake wa damu. "Natafuta ufunguo wangu kwa amani, mara mfalme anaungua, eti nimwokoe. Tumejuana lini?"

Zile za kulinganisha anazipenda kwa sababu nyingine. Anasema ni kama kukunja soksi: hazikufundishi kitu, ila roho inatulia. Wakianza kukupa mabomu na roketi, ujue wamekuona huwezi. Tangu azianze, hata vibanio vya kuanikia nguo anavipanga kwa rangi. Kuna sanduku lenye vyumba karibu na mlango wa uani, ubavuni mwa meza yake, nyekundu kwake, kijani kwake, waridi kwake, na ole wako uchanganye.

Lakini kiapo chake kikubwa ni kuhusu ile taa ndogo pembeni ya skrini, ambayo ukiigusa inakuonyesha kitu kilipo. Hajawahi kuigusa. "Ukigusa taa umetafutiwa," husema. "Mtu mzima hatafutiwi."

Basi Ijumaa moja mchana akaingia yule mshereheshaji wa mtaa wetu, mtu anayeitwa Radi kwa ajili ya sauti yake. Siku hiyo radi ilikuwa imeziba mdomo kwa kiganja.

"Dada, samahani sana," akamwambia shangazi, na kila s ilitoka na upepo wake, "koti nililoleta jana lilikuwa na meno."

"Koti gani linauma?" nikauliza.

"Wewe nyamaza," shangazi akasema. "Meno ya nani, kaka?"

Akaondoa kiganja. Mbele, juu, palikuwa na mlango wazi. Alieleza kwamba ana kipande cha meno mawili ya bandia, meupe, na ufizi wake wa waridi. Jana aliyavua ale hindi la kuchoma, akayatia mfukoni, na koti likaja kwetu.

"Na hukuyakosa tangu jana?" nikamuuliza.

"Yale ni ya kazini. Nyumbani nimchekee nani?"

Kazi yenyewe ilikuwa jioni hiyohiyo, kwenye ukumbi ulio mwisho wa barabara yetu. Bosi wa kampuni kubwa alikuwa anaagwa, na wenye kampuni walishamwambia Radi kwamba akiwapendeza, sherehe zao zote za mwaka ni zake. "Sasa nikisimama hivi," akasema, "nikitamka mheshimiwa mara moja tu, nimewazimia mishumaa meza ya mbele."

Shangazi hakucheka. Alivuta trei yenye namba yake: kitana, kitambaa, pipi ya kikohozi. Meno hakuna. Tukafungua kichujio cha mashine, tukapata nyuzi na kifungo. Tukapekua koti lenyewe, lililokuwa limeshapigwa pasi likanyooka kuliko mwenyewe. Hakuna. Radi akakaa kwenye kiti cha wateja akawa anafanya mazoezi ya hotuba isiyokuwa na s. Haikufika mbali.

"Duka hili halijapoteza hata kishikizo," shangazi akasema, na nikajua jambo limemwingia, kwa sababu alikuwa amezima tableti.

Akaanza kutafuta kama anavyocheza. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akalipitisha jicho chumbani kutoka pembe ya kushoto, taratibu, rafu kwa rafu. Akaniamuru nitaje vitu vingine kumi vilivyomo chumbani, kwa sababu ati ukitafuta kimoja tu macho yanakiogopa. Nikataja pasi, ndoo, mwavuli, hanga lililovunjika. Vyote akavionyesha kwa kidole kabla sijamaliza kutamka. Meno yakakataa kuonekana. Nje, magari ya kupeleka viti ukumbini yalishaanza kupita.

"Shangazi, gusa taa," nikasema.

"Nenda kamalize diploma."

Radi alikuwa ameinama, kiganja kimerudi mdomoni. Shangazi akamtazama. Kisha akavuta stuli, akakaa, akanigeukia mimi kwa uso ambao sijawahi kuuona kwake, uso wa mtu anayemeza dawa bila maji.

"Haya. Nipe kidokezo."

"Kidokezo gani?"

"Jana wakati natoa vitu kwenye mifuko ya koti lake, nilikuwa nacheza nini?"

Nikafikiri. Jana mfalme alikuwa ameungua mara nyingi mfululizo, shangazi akaitukana gemu ya kutafuta na kuifunga. "Ulikuwa kwenye ile ya pipi."

"Ya kulinganisha? Una hakika?"

"Ulinifokea nisipite mbele yako. Ulikuwa unakusanya za waridi."

Akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku la vibanio, akazamisha mkono kwenye chumba cha waridi, na ukatoka na kicheko. Yale meno yalikuwa yamelala katikati ya vibanio, yanatabasamu, kama yaliyofika kwa ndugu zao. Wakati jicho lake liko kwenye pipi, mkono wake ulikuwa umepeleka waridi kwa waridi.

Yakaoshwa kwa maji ya moto na chumvi. Radi akayavaa, akasukuma kwa kidole gumba, akasimama.

"Mabibi na mabwana," akasema, na hanga zikalia kwenye reli. Macho yalikuwa yamemlowa kidogo. "Dada, yalikuwa wapi?"

"Mahali pake," shangazi akajibu.

Akaondoka na koti lake begani, akizirudia s zote njiani kama mtu anayehesabu watoto wake. Mimi nikasubiri avuke barabara.

"Nyani haoni kundule," nikasema. "Wafichaji wa watu wezi, wa kwetu je?"

"Huyo aliyeyaficha ni fundi," akasema bila haya. "Hakupaka rangi, hakupunguza ukubwa. Umeyapita mara ngapi wewe?"

"Na kidokezo?"

"Kile kilikuwa cha mdomo. Taa sijaigusa."

Ametunga sheria mpya, na ameifuata mpaka leo: wakati wa mifuko ni gemu za kutafuta tu. Kulinganisha ni kwa wakati wa soksi.

Jioni ile hatukufunga duka mapema. Tulibaki na mlango wazi, na sauti ya Radi ikatujia kutoka ukumbini kupitia spika, mheshimiwa baada ya mheshimiwa, kila s imekaa kwenye kiti chake. Watu walikuwa wanacheka na kupiga makofi. Nikainama kwenye meza, juu ya tableti, nimwone shangazi usoni, maana nilidhani anatabasamu.

"Sogea," akasema. "Unanizibia tarumbeta."