Nilitia Kilio cha Mama Mdogo Kwenye Chombo, Watu Wakatikisa Wakicheka

Asalaam aleikum admin. Nifichie jina, hapa Garissa tunajuana sana.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa. Natunga muziki. Nachukua nyimbo za kale za Wasomali, nazichanganya kwenye kompyuta, halafu nazitia ndani ya vyombo vya nyumbani nilivyofungia vifaa vidogo vya umeme. Ukikigusa chombo kinaimba, ukikitikisa wimbo unabadilika.

Mama alifariki nikiwa bado nanyonya. Aliyenilea ni mdogo wake, habaryar wangu, huko Balambala. Mumewe alimwacha kwa sababu hakuzaa, akaoa mwingine mtaa huo huo. Habaryar hakuwahi kulia mbele ya mtu. Lakini kila akitikisa maziwa kutoa siagi, akidhani yuko peke yake, alikuwa anaimba wimbo aliotunga mwenyewe, anamuuliza Mungu tumbo lake lilikosa nini. Mwaka jana niliacha simu ikirekodi nyuma ya pazia. Sikumwomba ruhusa, nilijua angekataa.

Sauti ile niliitia ndani ya haan, chombo chetu cha kusukwa cha maziwa. Ukitikisa polepole, analia polepole. Ukitikisa kwa nguvu, sauti inakimbia. Maonyesho yalikuwa ukumbi mmoja hapa mjini, watu wakapanga foleni. Vijana wakagundua kwamba ukitikisa sana, habaryar analia kama mbuzi. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Wakachukua video, ikasambaa. Ningeweza kuzima. Sikuzima, kwa sababu wageni kutoka Nairobi walikuwa wananipiga picha, nami nilikuwa natabasamu.

Siku ya tatu habaryar akaja. Video alionyeshwa sokoni na mke mpya wa yule mume aliyemwacha, mbele ya wanawake wenzake wanaouza maziwa. Akasimama kwenye foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika akatikisa mara moja tu, akasikiliza.

"Huyu ni mimi?" akaniuliza kwa Kisomali.

"Ndiyo, habaryar."

"Uliniomba lini?"

Wageni walikuwa wanatutazama. Nikaona aibu, tena si kwa nilichofanya, bali kwa baibui lake lenye vumbi. Nikamwambia, "Hii ni sanaa. Wewe huwezi kuelewa."

Akaweka chombo chini taratibu, akatoka.

Sasa haendi sokoni. Watoto wakimwona wanalia kama mbuzi. Juzi nilienda Balambala kumwomba msamaha, nikapiga magoti mlangoni. Akanitandikia mkeka wa wageni, akanimiminia chai. Kisha akasema kwa Kiswahili, lugha anayoongea na walimu na maafisa tu, "Pole kwa safari, mgeni. Kunywa chai."

Tangu aanze kunilea hajawahi kuniongelesha Kiswahili. Nililia, nikamwita habaryar, habaryar. Akanijibu, "Karibu siku ingine."

Nairobi wanaitaka ile haan mwezi ujao. Sauti nyingine hawataki, wanataka hiyo. Nikiifuta, miaka yangu yote ya kazi inaishia hapo.

Mama zangu mnaosoma ukurasa huu, niambieni bila kunionea huruma. Nikiifuta, atanirudishia Kisomali chake? Naona haya kusema, lakini mpaka naandika haya, bado sijaifuta.