Sindano ya Mbele ya Kamera

Hiki kisa, wapwa zangu, hamtakiamini hata mkiapishwa. Hewala! Mmeshaniita mzushi mara ngapi, na mbona bado nanenepa?

Enzi za mkoloni, dobi wa hospitali ya serikali alikuwa dada yangu, tumbo moja. Sabuni ilikuwa imempasua vidole. Binti yake mdogo alishikwa na buba. Vidonda mwili mzima, na mfupa wa mguu umeanza kupinda. Dawa yake sindano moja tu, imejaa tele kabatini. Mtoto hapewi.

Kisa na mkasa? Sinema. Serikali ilikuwa inapiga filamu ya kuonyesha inavyotupenda. Wakaanzia mwisho: mtoto wa mpishi wa daktari, buheri wa afya, akaambiwa aruke kamba mbele ya kamera. Huyo eti ndiye aliyepona! Sasa anatakiwa mgonjwa mwenye vidonda, wakamchagua binti wa dada, na mawingu yamekaza. Akitibiwa kabla jua halijatoka, picha imeharibika.

Kila asubuhi dobi alimbeba binti mgongoni mpaka uani, akamketisha chini ya kamba za nguo, akampungia nzi kwa foronya.

"Mama, leo?"

"Leo, mwanangu. Jua likitoka."

Likatoka. Daktari akachoma sindano, mtoto akalia, mpiga picha akachekelea. Dobi machozi ya furaha yakamtiririka, mpaka yule dresa anayefunga vidonda alipomvuta nyuma ya mashuka.

"Dada, usifurahi. Yale ni maji."

"Maji gani?"

"Maji matupu. Picha zinapelekwa ng'ambo kusafishwa. Zikitoka mbaya watarudia, na wanavitaka vidonda vilevile."

"Na mguu wa mwanangu?"

Dresa akarudi kwenye bandeji zake.

Pale uani daktari alikuwa bado anapigwa picha. Hapo sasa damu ya ukoo wetu ikachemka! Dobi akatupa beseni, akamkaba daktari koo, kamera akaipindua kwa teke moja, askari wanne wakaruka ukuta kama paka, naye akanguruma kwa Kizungu safi, "Mpe mwanangu dawa, la sivyo nita..."

"Nitafanya nini, mwongo wewe?" Dada mwenyewe huyo, amesimama nyuma ya kiti changu. "Kizungu nilikijulia wapi? Nilipiga magoti, mdogo wangu. Nilimshika miguu, nikaomba mpaka sauti ikanikauka, na kamera inazunguka tu. Kwenye filamu wakasema nashukuru. Dawa walikuja kumpa mguu umeshapinda. Wasimulie hivyo."