Moshi wa Mama na Kanuni ya Umeme

Nilipokuwa sekondari nilirudi likizo nyumbani Ihanda na kanuni moja ya umeme iliyonishinda. Ilinikera hiyo! Ilisema: zungushia chaji za umeme ukuta wa kufikirika, uwe duara, uwe umepindapinda kama kibuyu, mradi umefunga pande zote. Ukijumlisha mistari yote ya nguvu za umeme inayopenya ukutani kwenda nje na kutoa inayoingia, jumla inategemea kilichomo ndani tu. Mwalimu alituambia kanuni yenyewe haikuzaliwa na umeme. Watu wa hesabu waliipata wakihangaika na mvutano wa dunia na maji yanayotiririka, umeme ukaja kuirithi kama mdogo anavyorithi shati la kaka yake. Kukariri nilikariri. Kuelewa, hata chembe.

Nyumbani nikamkuta mama anakohoa. Tangu baba afariki aliishi peke yake katika msonge wetu, nyumba ya nyasi isiyo na dirisha. Mafiga yalikuwa katikati, na moshi ulijipenyeza kwenye nyasi za paa, kila upande, ukatoka. Kifua chake kilikuwa kinakoroma. Jamani, niliogopa kumpoteza na yeye.

Kwa ujuaji wangu nikamlaumu jirani, aliyekuwa akichoma takataka za shambani upande unakotoka upepo. Nikachukua majani makavu ya migomba, nikaziba upande ule wote. Mama akacheka mpaka akakohoa tena. "Msomi wangu, umeivalisha nyumba koti!"

Kikohozi hakikupungua. Nikatoka na hasira zangu, nikayang'oa yale majani, nikasimama natazama. Moshi wa jirani uliingia kwa nyuma ukatokea mbele, ukaenda zake. Moto wake ulipozimika, nyumba yetu iliendelea kufuka pande zote kana kwamba hakuna kilichobadilika. Kilichokuwa kikitoka siku zote ni cha mafiga yetu. Loo! Kumbe ndiyo hiyo kanuni. Ningeruka kwa furaha, lakini nilijua maana yake: moto utoke ndani.

Na moto ule haukuwa wa kuguswa. Kwetu, mwenye nyumba akifa moto wake huzimwa. Baba alipokufa wazee waliuzima, lakini mama alikuwa ameshaficha kaa moja chunguni, akaliwasha tena walipoondoka. Hakuuacha ulale hata mara moja.

"Waitu, mama," nikamsihi, "tuuhamishie kwenye kile kibanda cha kuni pale nje."

"Huyo ni baba yako unayetaka kumfukuza!" Alifoka, mama aliyekuwa hafoki. "Mvua ikinyesha je? Upepo je?"

"Nitakiezeka upya, nitakikinga na upepo."

"Shule ndiyo imekufundisha hivyo?"

Nikalia mbele yake, kijana mwenye ndevu zinazochipua. "Baba ameshakwenda, mama. Wewe bado nakuhitaji."

Akainama, akachota makaa kwa kigae, akatoka nayo mwenyewe, polepole, akiyakinga na upepo kwa kiganja. Kibandani akapiga magoti, akayapuliza mpaka yakashika kuni. Nilitaka kumsaidia, akanisukuma mkono.

"Baba yako ataniuliza kwa nini nilimtoa nje," akasema, bila kunitazama. "Nitamwambia mtoto alitaka nikae naye kidogo."